Siku moja maishani mwangu: nalea wazee wenye ugonjwa wa kusahau, Kimara

Nikimwambia mtu nalea wazee wenye ugonjwa wa kusahau ananijibu "aah kumbe hausigeli wa wazee". Nimebishana sana mtaani nimechoka, kwa hiyo naandika siku yangu ya Jumanne ilivyokwenda, msome wenyewe.

Saa 10 na nusu alfajiri naamka, najimwagia maji, naacha chai ya mtoto kwenye chupa, namgongea mama mlango nimwachie mtoto natoka. Nakaa Manzese, hapa Dar. Saa hizo mwendokasi ya kwenda mjini imejaa lakini sisi wa kuelekea Kimara siti tunapata, na ile siti ndo mapumziko yangu ya siku nzima. Kimara Mwisho nachukua bajaji. Dereva wa juzi akaniuliza unafanya wapi, nikamwambia, akasema huo ugonjwa si wa wazungu dada? Nikamwambia hapana kaka, kuna watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai kule Kilimanjaro 2009 na 2010, wakapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, katika kila 100 wakakuta kama 6 wanao. Akanyamaza kidogo, tunakaribia kufika akasema "basi bibi yangu alikuwa nao, tulisema karogwa". Hiyo nasikia kila wiki. Ni ugonjwa wa ubongo jamani, bibi akisahau njia ya nyumbani akaonekana kwa watu saa 9 usiku hajatoka kuwanga, kapotea.

Saa 1 napokea shifti. Tuna wazee wanne, tunawaita Mwalimu, Mama Mkubwa, Bibi wa Tanga na Mzee wa Reli, nyumba ya kawaida tu yenye uwanja na geti. Kaka wa usiku ananisomea rejista, nani kalala, nani kazunguka, nani kapata choo. Msidhani ni mambo madogo. Mwezi uliopita Mwalimu alibadilika ndani ya siku mbili, anapiga kelele, anaona wadudu ukutani, ndugu zake wakasema ndo ugonjwa umepanda, kumbe UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Kapata dozi karudi kwenye hali yake. Mzee wa hivi akibadilika ghafla usiseme ni kusahau, mpeleke akapimwe, mwenyewe hawezi kukwambia panapomuuma.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kuogesha, uji, dawa za presha, pampasi, mashuka, deki. Mgongo wangu ndo unajua.

Saa 6 na nusu chakula. Wali mweupe hatuweki kwenye sahani nyeupe, hawauoni vizuri, tunatumia sahani za bluu na wanakula zaidi. Mama Mkubwa hawezi kutafuna tena, huyo namlisha kijiko kimoja kimoja amekaa wima, nasubiri ameze ndo nampa kingine, dakika 40 mpaka saa nzima, ukiharakisha chakula kinaingia kwenye mapafu.

Saa 7 na robo akaja mtoto wa Bibi wa Tanga. Hapo ndo siku yangu ilipokwama.

Bibi alikuwa ametoka kula sasa hivi, wali na samaki, kamaliza sahani, hata mwiba alitoa mwenyewe kwa vidole. Kijana wake kaingia kabla hata hajakaa Bibi akamshika mkono akasema "mwanangu hawa wananinyima chakula, tangu jana sijatia kitu mdomoni, na kanga zangu wamechukua." Mimi nimesimama pale na beseni la vyombo. Kaka wa watu akabadilika rangi. Akaanza kwa sauti, mimi nalipa hela yote hii kila mwezi mama yangu anashindishwa njaa, nyie ni wezi, akampigia dada yake aliyeko Uingereza video kol, dada naye akaanza kulia kwenye simu, mama jikoni katoka na mwiko mkononi, Mwalimu akasikia kelele akaanza kuita darasa linyamaze. Nikamletea rejista ya chakula aone, akasema daftari mtu yeyote anaandika. Kiukweli iliniuma. Huyu Bibi mimi ndo namsuka nywele, kanga zake nafua kwa mkono wangu, na nimeshaitwa mwizi naye mara nyingi lakini yeye simhesabii, ugonjwa wenyewe unafuta alichoweka na wapi alikiweka, kinachobaki kichwani ni kwamba kitu hakipo na wewe ndo uko mbele yake. Mtu mwenye akili zake kuniita mwizi mbele ya wenzangu ni kitu kingine.

Sikumjibu. Nikamwekea Bibi ndizi mbivu na chai, maana hata kama kala, yeye anahisi njaa, njaa ile ni ya kweli kwake na hakuna faida ya kumwambia Bibi umekula. Akala kidogo akatulia. Kijana akachuchumaa mbele yake akamuuliza "mama, mimi nani?" Nilitaka kumzuia nikachelewa. Bibi akamtazama muda mrefu sana, akasema "kodi nimeshamlipa baba yako."

Kaka akatoka. Akaenda kukaa kwenye gari yake, kioo kimefungwa, injini haijawashwa, jua la Dar mnalijua. Nikampa dakika kama 20 nikamfuata na maji. Akasema "mwezi uliopita alinijua." Nikamwambia kaka, usimuulize tena wewe nani, unampa mtihani asioweza na anaona aibu, ingia useme shikamoo mama, mimi fulani, kifungua mimba wako, nimekuja kukusalimia. Umwachie hapo. Akaniambia samahani dada. Sikumwambia yameisha, nilimwambia twende ndani.

Bibi anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Majina yameondoka, watoto wanaondoka, lakini mpe miyaa, yale majani ya kusukia, utaona vidole vyake. Nikampa kijana ncha ya ukili ashike, Bibi akamwambia "vuta, usilegeze", akavuta. Walikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, yeye kashika ncha, mama yake anasuka. Mimi nilikuwa nimeshachelewa kumgeuza Mama Mkubwa, kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe asipate vidonda, nikakimbia.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Jua likianza kushuka wazee wanahangaika, ndo wakati mgumu kuliko wote, tunawasha taa mapema vivuli visiwatishe na kioo cha ukumbini tunakifunika kanga maana Bibi huona mwanamke asiyemjua humo. Na Mzee wa Reli anavaa koti anakwenda getini. Alifanya kazi reli tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika 1977, na kila jioni ana zamu. Nilipoanza kazi nilimwambia mzee umestaafu, nikachapwa mkongojo wa bega, na alikuwa na haki, nani angekubali azuiwe kwenda kazini na binti asiyemjua? Sasa hivi simzuii, namshika mkono namuuliza treni ya leo inapita wapi, tunazunguka uwanja ananitajia. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa, Kidete, Gulwe, Dodoma. Chai ya saa 10 haikumbuki lakini stesheni zake hizo hajawahi kuruka hata moja, mpaka mimi nimezishika na sijawahi kupanda hiyo treni. Tukifika Dodoma anakuwa amechoka, anakubali kukaa.

Jumanne tulizunguka mara tatu, miguu inawaka moto, mzunguko wa tatu akafika Kilosa akasimama. Nikangoja. Akaangalia geti, akaangalia koti lake, akaniangalia mimi.

"Kidete, mzee," nikamwambia.

"Enhe. Kidete." Tukaendelea.

Saa 1 usiku kaka wa zamu akaingia. Nikamsomea rejista, Mama Mkubwa ngozi nzima, Mwalimu kala nusu, Bibi kapata mgeni kalala mapema. Kwa Mzee nikaandika amekwama Kilosa, mara ya kwanza. Akaniuliza Kilosa inafuata nini, nikamwandikia stesheni zote nyuma ya daftari kwa herufi kubwa, nikabadilisha nguo nikaenda kutafuta bajaji.