Masomo Mawili Kati ya Manne

Mwezi Februari 2023 nilipanda Coaster ya alfajiri kutoka stendi ya Moshi kwenda Arusha kufanyiwa usaili wa nafasi ya mhasibu katika kampuni moja ya utalii. Mkononi nilikuwa na bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti zilizogongwa mhuri na wakili, pamoja na wasifu wa kurasa mbili ambao juu kabisa, mbele ya jina langu, ulibeba herufi tatu: CPA, yaani hadhi ya mhasibu aliyethibitishwa na kusajiliwa. Herufi hizo hazikuwa zangu. Nilikuwa nimemaliza ngazi ya kati ya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na katika ngazi ya mwisho, yenye masomo manne, nilikuwa nimefaulu mawili. Kwenye ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika kwa maandishi madogo "CPA (T), 2021 hadi sasa", na kwa akili yangu ya wakati ule hayo maneno "hadi sasa" yalitosha kuniondolea lawama.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Aliyeketi katikati alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo mwembamba, naye alizungumza nami kwa upole tangu nilipomwamkia. Aliniuliza kuhusu usuluhishi wa hesabu za benki, kisha kuhusu kodi ya zuio katika malipo ya watoa huduma, na kote nikajibu bila kubabaika. Hapo ndipo alipovaa miwani, akauvuta wasifu wangu karibu, akaweka kidole juu ya jina langu na kusema, "Hongera, mwanangu. Namba yako ya usajili wa Bodi ni ngapi?"

Nilianza kueleza kwamba bado nina masomo mawili, kwamba matokeo ya Novemba hayakuwa mazuri, kwamba natarajia kurudia Mei. Hakukasirika wala hakunikatiza. Alisubiri nikamaliza, akachukua kalamu, akazizungushia duara zile herufi tatu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hizi ni za nani?"

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya adabu tu, na sikuitwa tena. Njiani kurudi, gari likisimama Tengeru, kisha Usa River, kisha Boma Ng'ombe, nilikuwa nikiwaza jambo moja ambalo liliniuma kuliko kukosa ile kazi. Kodi na ukaguzi ni masomo ambayo watahiniwa wengi huyarudia mara kadhaa, nami nilikuwa nimeyafaulu nikiwa kazini, nikisoma usiku baada ya kufunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi nililokuwa nikifanyia kazi. Lakini katika chumba kile hakuna aliyeyaona. Niliyafunika mwenyewe kwa herufi tatu, na herufi zilipoanguka zikaanguka pamoja nayo.

Nieleze kidogo zilivyofika pale, kwa sababu sikuamka siku moja nikaamua kudanganya. Matangazo mengi ya kazi za uhasibu hutaja CPA ama kama sharti, ama kama sifa ya ziada. Nilituma maombi mwaka mzima nikiwa nimeandika tu shahada yangu, sikuitwa hata mara moja. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alinishauri niiweke CPA juu, kwa hoja kwamba anayechambua maombi hutafuta neno hilo tu, na kwamba mengine nitayaeleza nikishaitwa. Alikuwa sahihi katika jambo moja: niliitwa. Ushauri wake haukufikiria swali la pili, lile linalokuja baada ya mtu kukuamini.

Sisi tunaofanya mitihani hii husema "nafanya bodi", na ukisema hivyo mtaani watu wanakuelewa na kukuombea heri. Kwenye karatasi mambo ni tofauti. Uhasibu nchini unasimamiwa na Sheria ya Usajili wa Wakaguzi na Wahasibu, Sura ya 286, iliyotungwa mwaka 1972, na chini ya utaratibu wake kufaulu mitihani yote hakumfanyi mtu kuwa CPA siku hiyohiyo. Anatakiwa pia kuwa na uzoefu wa vitendo wa miaka isiyopungua mitatu, aombe usajili, na akubaliwe na Bodi. Ndiyo maana yule mama hakuuliza nimefaulu lini, bali aliuliza namba. Mimi nilidhani nimebakiza hatua moja, kumbe zilikuwa mbili, na wasifu wangu ulikuwa umeziruka zote.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Aprili 2017, serikali ilipotangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti na watumishi wa umma 9,932 kutajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Bwenini tulizungumza habari hiyo kwa wiki nzima, na nakumbuka nilikuwa mkali kuliko wote. Miaka michache baadaye nilijitetea moyoni kwamba mimi sikughushi chochote, vyeti vyangu vyote ni halali. Ni kweli. Lakini wao walionyesha karatasi ya uongo, mimi nilionyesha karatasi za kweli zilizofungwa ndani ya maelezo ya uongo, na sioni kama tofauti hiyo ingenisaidia sana mbele ya mwajiri.

Jumamosi iliyofuata niliketi katika steshenari moja karibu na soko la Mbuyuni na kuuandika wasifu upya kuanzia juu. Nilijiwekea kipimo kimoja: kila mstari uwe tayari umejibu swali ambalo yule mama angeuliza baada ya kuusoma. Mbele ya jina langu sikuweka kitu. Nafasi ile ni ya hadhi ambayo mtu ameshapewa, na hata ningebakiza nusu ya somo, bado isingekuwa yangu.

Mstari wa Bodi ndio ulionichukua muda mrefu zaidi. Wasifu wenyewe niliuandika kwa Kiingereza, kama ilivyozoeleka katika kazi zetu, lakini kwa Kiswahili ungesomeka hivi: "Mitihani ya NBAA: ngazi ya kati imekamilika, Novemba 2020. Ngazi ya mwisho haijakamilika; nimefaulu masomo 2 kati ya 4 (Ukaguzi, Novemba 2021; Kodi, Mei 2022). Yaliyobaki ni taarifa za fedha za makampuni na fedha za biashara. Nimejisajili kuyafanya Mei 2023." Nililisoma neno "haijakamilika" mara nyingi, nikalifuta, nikalirudisha. Rafiki yangu mmoja alipendekeza niandike "inaendelea", kwa kuwa linasikika vizuri zaidi. Tatizo la "inaendelea" ni kwamba linaweza kumhusu aliyebakiza somo moja na vilevile aliyelipa ada ya kujiandikisha miaka mitano iliyopita na hajafungua kitabu tangu hapo. Msomaji hawezi kuwatofautisha, na akishindwa kuwatofautisha atakuweka upande ule mbaya. Namba mbili kati ya nne haziwezi kuvutwa huku wala kule.

Kuhusu tarehe ya kumaliza, nilikataa kuandika "natarajia kuhitimu 2023". Kutarajia ni jambo langu na Mungu wangu. Kujisajili ni jambo lenye stakabadhi, na ukiniomba nitakuonyesha. Kuhusu kuanguka kwangu Novemba 2022, sikuandika, na sioni kwamba nilificha. Wasifu hueleza ulichokipata, si kila mara uliyojikwaa, ilimradi usipange maneno na tarehe kwa namna ya kumfanya msomaji aamini hukuwahi kujikwaa, na ukiulizwa useme wazi.

Nilipomaliza mstari huo nikaona mingine miwili yenye ugonjwa uleule. Chini ya sifa za kitaaluma nilikuwa nimeweka semina ya siku mbili kuhusu viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambayo cheti chake kinasema bayana kuwa ni cha kuhudhuria. Hakuna mtihani nilioufanya pale, zaidi ya kula chakula cha mchana kizuri. Niliihamishia kwenye sehemu ya semina na mafunzo mafupi, nikaandika idadi ya siku. Mwingine ulikuwa wa kozi ya uchambuzi wa data kwenye intaneti niliyoianza mwaka 2020 na kuiacha wiki ya pili. Huo niliufuta kabisa. Masomo mawili ya Bodi ni kazi iliyopimwa na mtu mwingine na kuthibitishwa, na maarifa yake nayatumia kila mwezi ninapoandaa ritani za kodi. Wiki mbili za kozi niliyoitupa hazinipi chochote cha kumfanyia mwajiri.

Ushahidi nao ulinisumbua, kwani kwa masomo mawili kati ya manne hakuna cheti, kuna matokeo tu. Kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa kuna sharti linalosema kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo havitakubaliwa, kwa hiyo nilipoomba nafasi za serikali niliambatisha vyeti kamili nilivyokuwa navyo na habari za Bodi nikaziacha ndani ya wasifu peke yake. Kwa waajiri binafsi niliambatisha nakala ya matokeo, nikitaja kwenye barua kwamba ni matokeo na si cheti.

Mwezi Machi nilikutana na jaribu lenyewe. Taasisi moja ilikuwa na fomu ya maombi mtandaoni iliyouliza, "Je, una CPA?" na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, bila nafasi ya maelezo. Nilikaa mbele ya kioo kile muda mrefu, nikajaribu hata kujishawishi kwamba nusu inaelekea zaidi kwenye Ndiyo. Nikabonyeza Hapana, kisha nikaieleza hali yangu kwa sentensi mbili ndani ya barua ya maombi. Jibu la kukataliwa liliingia kwenye barua pepe kabla sijafika nyumbani Pasua, na ni wazi kwamba hakuna binadamu aliyekuwa ameisoma barua yangu. Iliniuma, na sitajifanya kwamba siku hiyo nilijisifu kwa uaminifu wangu.

Mei nilifanya masomo yote mawili. Matokeo yalipotoka Julai, nilikuwa nimeanguka yote. Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu na shirika moja lisilo la kiserikali lenye ofisi Sakina, Arusha, ambalo nililiombea kazi mwezi Aprili kwa wasifu uliosema nimejisajili kwa ajili ya Mei. Maneno yale yalikuwa ya kweli siku nilipoyatuma, lakini yalikuwa yameshapitwa, na mtu akiyasoma Julai angedhani matokeo bado yanasubiriwa. Nilichapisha ukurasa mpya, nikaenda nao, na kabla hawajaanza kuuliza nikaomba ruhusa ya kuwapa, nikisema, "Samahani, kuna mstari mmoja umebadilika tangu nilipotuma maombi." Mwenyekiti wa jopo, baba mmoja mtu mzima, aliweka kurasa mbili sambamba mezani na kuzilinganisha kimya kimya. Akauliza, "Umeanguka yote mawili?" Nikajibu, "Ndiyo, baba. Nitarudia Novemba." Akauliza ni wapi hasa panaponishinda. Nikamweleza kuhusu kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, hasa pale hisa zinaponunuliwa katikati ya mwaka, na tukazungumza juu ya jambo hilo karibu robo saa, mazungumzo ambayo yalikuwa usaili halisi kuliko maswali yote yaliyotangulia.

Walinipa kazi, ila si ile niliyoomba. Tangazo lilikuwa la mhasibu, nao wakaniajiri kama mhasibu msaidizi, kwa mshahara mdogo zaidi, na kifungu ndani ya mkataba kinachosema kwamba cheo kitaangaliwa upya nitakapokamilisha ngazi ya mwisho, na kwamba siku za mitihani hazitakatwa kwenye likizo yangu. Yule mwenzangu aliyenishauri kuweka CPA juu ya jina anafanya kazi mjini hapa hapa na analipwa kunizidi. Hajaulizwa namba mpaka leo. Tunapokutana kwenye madarasa ya jioni ya maandalizi huko Njiro huwa hatulizungumzii jambo hilo, ingawa safari moja aliniomba nimtumie ule mstari wangu wa Bodi auone ulivyoandikwa, nami nikamtumia.

Matokeo ya Novemba yalitoka Januari 2024. Fedha za biashara nilifaulu, taarifa za fedha za makampuni nikaanguka tena. Mchana ule, kabla ya kurudi kwenye vocha zilizokuwa zikinisubiri, nilifungua faili la wasifu, nikafuta 2, nikaandika 3, nikaongeza mwezi na mwaka. Neno "haijakamilika" nikaliacha pale pale lilipokuwa.