Siku moja na perege wa Ziwa Rutamba

Saa 11 alfajiri. Nashuka ziwani kupima maji kabla jua halijachomoza. Huu ndio wakati maji huwa na oksijeni kidogo zaidi, maana usiku kucha mimea na wanyama wameitumia bila mwanga wa kuzalisha nyingine. Anayepima mchana peke yake hulisifia ziwa afya ambayo pengine halina.

Saa 1 asubuhi. Mitumbwi inarudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo wapo."

Ndani ya ndoo yake wamo perege wa jamii ya Oreochromis korogwe. Zamani walijulikana kaskazini tu, kwenye mabonde ya mito Pangani na Zigi. Kati ya 2013 na 2016 watafiti wakawakuta huku Lindi, katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa. Ungeweza kudhani kuna mtu aliwahamishia huku. Vinasaba vimekataa: utafiti uliochapishwa 2021 unakadiria kwamba wa kusini na wa kaskazini walitengana miaka 140,000 hivi iliyopita. Hawa ni wa hapa, na hawana mfano kwingine.

Ndoo hiyohiyo ina sato, mgeni mwenye umbo kubwa. Anazaana na perege, na chotara wao wamethibitishwa katika maziwa yote matatu. Sato halisi namtambua kwa mistari wima ya mkiani. Chotara huweza kunipotosha, kwa hiyo nakata kipande kidogo cha pezi na kukitia kwenye kichupa cha spiriti, kiende maabara.

"Sasa mwanangu, sato si ndiyo pesa?"

Ni swali la haki, na linanikaa moyoni kuliko kipimo chochote. Namjibu kwamba perege ni kama mbegu ya asili ya shambani: ikishachanganyika yote, hakuna duka la kuinunua.

Saa 5. Uwazi wa maji, joto, chupa za sampuli. Jua kali.

Saa 9 alasiri. Kikao chini ya mwembe na wafugaji wa samaki. Kwangu mimi, uhifadhi unaongozwa hapa kuliko ofisini. Kijana mmoja ameshalipia vifaranga vya sato, na bwawa lake liko bondeni, ambako mvua za masika hufurika hadi ziwani. Siwezi kumwambia aache riziki yake. Tunabishana, tunapiga hesabu, mwishowe anakubali kuchimba upya juu, mafuriko yasikofika, na kufunga wavu kwenye bomba la kutolea maji. Wenzake wanaahidi kumsaidia kuchimba. Nami nimebeba deni: kuwatafutia vifaranga vya perege ambao hawajachanganyika.

Saa 2 usiku. Ripoti ya halmashauri. Pendekezo la kwanza nimeliandika kwa herufi kubwa: ziwa ambalo samaki wake hawajapimwa vinasaba lisipandikizwe sato.