Jinsi nilivyotibu mlango uliokuwa ukivimba kila masika

Mlango wetu wa mbao za paini, hapa Tanga, ulikuwa ukigoma kufungika kila masika, ukikwama kwenye fremu upande wa kitasa. Kukaza skrubu za bawaba hakukusaidia. Sabuni ukingoni ilipunguza mkwaruzo kwa muda tu. Nako kuuranda ukiwa na unyevu kuliacha mwanya kiangazi kilipofika, na masika yaliyofuata ukabana tena.

Dawa ilipatikana tulipoung'oa na kuulaza. Ukingo wa chini haukuwa umepakwa chochote, na hapo ndipo mbao za wima zinapoishia, vitundu vyake vikiwa wazi kunyonya maji. Mbao nayo huvimba kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, ndiyo maana mlango ulibana ubavuni. Niliuacha ukauke kabisa kivulini, kwani jua kali huweza kuupinda, nikaupiga msasa, kisha nikapaka vanishi mikono mitatu kwenye kingo zote, hasa ya chini na ya juu, ambazo hupuuzwa kwa kuwa hazionekani. Mkono wa kwanza ulizama wote. Wa tatu ndio uliobaki uking'aa. Masika haya mlango unafungika bila kusukumwa kwa bega.