Miaka 12 ya rangi ya mafuta uani kwangu, Mikindani

Siku ya kwanza nilipomtuma kijana wa bajaji aniletee rangi ya mafuta kutoka Mtwara mjini, alirudi na kopo la lita nne la kijani, ile ya milango na madirisha. "Shikamoo mwalimu. Wameniambia hii haichuji hata kwa upepo wa bahari." Nilimfundisha darasa la tano huyo, lakini sikumgombeza, kosa lilikuwa langu. Huku kwetu ukisema rangi ya mafuta, watu wanaelewa rangi ya geti. Nikaipakia mlango wa choo, na kweli mpaka leo haujachuja.

Ninayoizungumzia mimi ni ile ya kwenye tyubu kama dawa ya meno, iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Nilianza nayo kwa dhati nilipostaafu ualimu nikiwa na miaka 60. Nilimega kiinua mgongo nikaagiza tyubu Dar es Salaam, na wanangu, waliokuwa wakitegemea nifungue duka la vitenge, wakanyamaza kwa adabu. Sasa nina 72. Magoti yamechoka, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri asubuhi, na jicho moja limeshapasuliwa.

Wengi huniuliza kwa nini nisichore kama Tingatinga, maana ndizo picha wageni wanazozijua. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa kusini kama sisi, wa Tunduru, na alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Namheshimu sana. Ila rangi ile ina haraka. Ukiinuka kumfungulia mtu mlango, ukirudi imeshashika. Rangi ya kitani haina haraka na mtu. Naiacha adhuhuri kwa sababu goti limeuma, kesho naikuta bado laini, naendelea palepale nilipoachia. Umeme ukikatika, inasubiri. Kukiwa na msiba mtaa wa pili, nikakaa huko siku mbili, nayo inasubiri. Nisingekuwa na rangi ya namna hiyo ningeshaacha zamani.

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya korosho ya marehemu mume wangu, na siku za unyevu bado kinatoa harufu ya magunia. Hakikuwa na dirisha. Nilikuwa na kitabu kimoja cha zamani cha uchoraji kilichosisitiza kwamba dirisha la mchoraji lazima litazame kaskazini, ndiko mwanga usiobadilika unakotoka. Nikamwita fundi akatoboa ukuta wa kaskazini. Mwezi wa Juni jua likaingia moja kwa moja hadi kwenye kitambaa, nikawa nachora kivuli cha mkono wangu mwenyewe. Ndipo nikakaa nikafikiri, tena mimi niliyefundisha jiografia miaka yote ile! Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao jua lao la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua letu la mchana hupita upande wa kaskazini. Fundi akarudi, akaziba, akatoboa kusini. "Mama, ungeniuliza," akasema. "Hata kuku wanajua kivuli kiko upande gani."

Haikuishia hapo. Upande wa kusini ndiko kusi inakovumia, na kusi haiji mikono mitupu. Inaleta mchanga, majivu ya jiko la jirani, manyoya ya kuku. Picha zangu za miaka miwili ya mwanzo ukizipapasa utadhani msasa. Sasa dirishani nimefunga chandarua kikuukuu, nimekikunja mara mbili. Mwanga unapungua kidogo lakini unakuwa mwororo, na ngozi za watu hutoka vizuri zaidi chini ya mwanga huo. Desemba na Januari, jua likihamia kusini, nafanya kazi alfajiri mpaka saa nne tu, kisha naweka brashi chini. Joto la wakati huo kwa vyovyote si la kushindana nalo.

Kitambaa natumia marekani ya kawaida ya dukani, naipigilia kwenye fremu ya seremala. Kitambaa cha mwanzo nilikipaka rangi bila kukifunga kwanza kwa gundi. Baada ya miaka michache nikakigusa kwa nyuma, kidole kikatokea mbele. Mafuta ya kitani yanaozesha nyuzi yakizifikia, kwa hiyo lazima upake gundi kwanza, ikauke, ndipo upake rangi ya msingi. Fremu nazo zilipata mchwa. Sitaki kulizungumzia sana hilo, picha nne zilikwenda.

Jambo ambalo kila anayetumia mafuta haya nyumbani anapaswa kulijua ni vitambaa vya kufutia brashi. Mimi nilikuwa navikunjakunja na kuvisokomeza kwenye ndoo ya plastiki kona ya stoo. Jioni moja ya Februari nikiwa uani napembua mchele, mjukuu wangu akasema, "Bibi, stoo inapika." Nikacheka, nani anapika stoo? Akarudia. Nikanusa. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango, mwembamba, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua kikaangoni. Hakukuwa na mshumaa, wala koroboi, wala umeme siku hiyo. Jirani yangu akairukia ndoo, akaitupa mchangani. Ilipofunuka vile vitambaa vikawaka mbele ya macho yetu, saa kumi na mbili jioni, bila mtu kupiga kiberiti.

Jirani alianza kutafuta maneno ya kuwaambia watu, na najua yalikuwa ya aina gani. Mama mzee, mjane, stoo inawaka yenyewe. Nikamkalisha nikamweleza. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka, hayapotei hewani. Yanavuta hewa na kujigeuza kuwa magumu, na yakifanya hivyo yanatoa joto. Kitambaa kikiwa kimetandazwa, joto linaondoka. Kikiwa kimekunjwa katikati ya vingine, joto linakosa pa kwenda, linaongezeka mpaka moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mama, ila kwangu usilete." Tangu siku hiyo vitambaa naanika kwenye kamba kimojakimoja, mbali na ukuta, mpaka vikakamae kama samaki mkavu, ndipo navitupa.

Rangi ni ghali, na nyekundu ndiyo inayokwisha haraka kwa sababu nachora barabara na kuta za udongo. Kuna mwaka niliishiwa kabisa. Binamu yangu alikuwa anatoka Newala, nikamwomba aniletee udongo mwekundu wa huko juu, akaja na chupa mbili za maji zimejaa. Nikaufanya kama mtu anayeopoa mchanga kwenye mchele. Unautia kwenye ndoo ya maji, unakoroga, mchanga unazama, yale maji ya tope unayamimina kwenye ndoo nyingine haraka. Unayaacha usiku mzima. Asubuhi unamwaga maji masafi ya juu, unabakiwa na uji laini, unauanika kwenye sahani. Kisha nausaga na mafuta ya kitani juu ya kipande cha kioo kinene, kwa kutumia tako la pasi ya mkaa ya marehemu mama yangu. Kutu ya pasi ikiingia haidhuru, kutu na udongo ule ni ndugu, vyote ni chuma. Nyekundu hiyo haipauki juani, na hakuna tyubu iliyowahi kunipa rangi ya njia ya Newala vizuri hivyo.

Nikapata kiburi, nikasema nyeupe pia nitatengeneza, kwa chaki za darasani. Chaki ikiingia kwenye mafuta weupe wake unapotea, inageuka uji wa kijivu unaoonyesha kilicho chini. Nikarudi dukani kununua nyeupe kwa unyonge.

Sasa macho. Nilikuwa nachora ghuba ya Mikindani, maji yamejaa, ngalawa mbili, mikoko kwa mbali. Mjukuu wangu akasimama nyuma yangu. "Bibi, hii bahari au chai ya rangi?" Nikamfukuza. Baadaye nikaitoa picha nje, nikamwita jirani, naye akaangalia pembeni kama mtu aliyeulizwa deni. Kumbe buluu nzito na kahawia ya udongo zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja machoni mwangu, nikichukua hii nadhani nimechukua ile. Ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inakuwa ya manjano pole pole, inazuia buluu isipite, na kwa kuwa inakuja pole pole, mwenyewe hujui. Claude Monet wa Ufaransa ilimpata hiyohiyo, akapasuliwa mwaka 1923 akiwa na miaka 82. Mimi nilikuwa na 69, nikajiona kijana.

Kabla ya kupata zamu ya upasuaji ulipita karibu mwaka mzima, na sikuacha kazi. Nilipanga rangi kwenye ubao kwa mpangilio usiobadilika, nyeupe mwanzo kushoto, halafu manjano, nyekundu, kahawia, buluu mwisho kabisa upande wa kidole gumba, ili mkono uende wenyewe hata jicho likidanganya. Kila tyubu niliiandika kwa kalamu nene herufi moja kubwa. Na mjukuu niliyemfukuza nikamwajiri, kwa andazi moja kwa siku, asome majina. Brashi nazo nilizivisha tyubu ya baiskeli iliyokatwakatwa ili mpini uwe mnene, kwa sababu vidole havikuweza tena kubana kitu chembamba.

Walinipasua jicho la kulia. Walipofungua bandeji kesho yake, koti jeupe la daktari lilikuwa la buluu hafifu, nikadhani ni sare. Nilipofika nyumbani nikasimama ufukweni, nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, kisha la kulia, kisha la kushoto. Bahari mbili. Moja ya buluu kali hadi inauma, nyingine ya dhahabu iliyochanganyika na moshi, kama saa kumi na moja jioni isiyoisha. Nilichora zote mbili, kitambaa sawa, siku zilezile, jicho moja kwa kila picha. Wageni wakija huchagua ya buluu, nami nawauzia nakala yake. Ile nyingine haiuzwi. Jicho la kushoto nalo lina zamu yake, na mwenye kuahirisha ni mimi. Wanangu ni wakali kweli kwa hilo, na hoja wanayo.

Zamani nilidhani mchoraji lazima aende mbali. Nilipanda basi mpaka Newala, nikakaa kwenye ukingo wa Shimo la Mungu nikitazama bonde la Ruvuma chini, nikarudi na michoro kumi isiyo na maana. Siku hizi nachora kinachopita mlangoni. Muuza samaki akija na ndoo yake ya changu na vibua, namwomba aniachie mmoja kwa nusu saa. "Mama, samaki anaharibika na wewe unamwangalia tu." Namlipa, samaki namchora akiwa mbichi, na mchana namla. Mwanamke anayekaanga korosho uani, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, nimemchora mara saba na hajawahi kuinua uso. Sikumwomba ainue.

Novemba hii nachora mabibo, matunda ya mkorosho, kwenye sahani ya bati. Ni kazi ya kugombana. Rangi inasubiri lakini bibo halisubiri, likikaa siku moja linalegea na kuanza kunuka uraka, ile pombe ya mabibo. Kwa hiyo kila asubuhi mjukuu ananiletea mapya, mawili mekundu na moja la manjano, na ya jana anayachukua jirani yuleyule wa ndoo, siulizi anayapeleka wapi. Hakuna bibo linalofanana na la jana. Yaliyomo kwenye picha ni mabibo kama ishirini yaliyopandana. Chini nilitanguliza kahawia nyembamba inayokauka upesi, mafuta mengi nikayaweka tabaka za juu, maana ukiweka nono chini na konda juu, la juu litapasuka.

Juzi alikuja mtu kutoka hoteli moja, akaipenda, akataka aondoke nayo kwenye gari lake saa hiyohiyo. Alikuwa tayari amefungua pochi. Nikabonyeza kona ya chini kwa kidole gumba, kwenye lile bibo jekundu, nikamwonyesha kidole.

"Lini basi, mama?"

"Pita baada ya Krismasi," nikamwambia. "Na uje na gari lisilo na vumbi."