Hati ya shamba la mkonge, kuanzia 1923

Mashamba ya mkonge ya Tanga hayakuanzishwa na Mwingereza. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Amri ya Kijerumani ya 1895 ilikwisha kusema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na konde lililopumzishwa lilihesabiwa halina mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, wakayauza. Mnunuzi hakupora mtu. Alinunua serikalini, akapewa risiti. Unyang'anyi ukawa biashara halali.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya 1923. Ilitamka kuwa ardhi yote, isipokuwa ile iliyokwisha kuwa na hati halali, ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Maneno mazuri! Mlowezi alipata hati ya hadi miaka 99, yenye mipaka iliyopimwa. Mbondei au Mzigua aliachiwa mila yake, iliyoingizwa waziwazi katika sheria mwaka 1928 tu, tena bila karatasi.

Watetezi wa ukoloni husema Tanganyika haikuporwa kama Kenya. Kwa ukubwa wa eneo, ni kweli. Lakini mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki, karibu na Arusha, waliondolewa kwa nguvu kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwakilishi wao Kirilo Japhet akaenda kulalamika Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Malalamiko hayo hayakuirudisha ardhi.

Uhuru ulifuta umiliki wa kudumu mwaka 1963, ila mfumo ukabaki. Katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, Rais ndiye mdhamini wa ardhi yote, na ukomo wa hati ni miaka ileile 99. Nafuu ipo katika Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo: hatimiliki ya kimila ya mwanakijiji inaweza kutolewa bila ukomo wa muda.

Nafuu hiyo haimfikii aliyejenga ndani ya shamba la mkonge lililotelekezwa, Muheza au Korogwe. Mkonge umekufa, mahindi yamestawi, ila hati iko hai mpaka muda wake uishe au Rais aifute, na kisheria aliyejenga ni mvamizi. Barua ya mwenyekiti wa kijiji haibadilishi hilo. Kabla ya kulipia kiwanja huko, nenda ofisi ya ardhi uulize mambo mawili: hati ya shamba imefutwa? Na baada ya kufutwa, eneo limegawiwa nani: kijiji, halmashauri au mwekezaji mpya? Wengi huishia swali la kwanza, kisha wakabomolewa.