Onyo la draiva ya printa: nilivyoliondoa

Kompyuta ya nyumbani, hapa Kisauni, ilikuwa ikinionya kila niiwashapo: ulinzi wa kumbukumbu umezimwa, kuna draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuendesha kifaa, isiyopatana nao. Windows 11 hutumia ulinzi huo kuzuia msimbo usioaminika usiingie kwenye kiini cha mfumo, na draiva moja kuukuu yatosha kuuzima wote. Binamu yangu akanambia, "Zima hizo arifa, ndugu yangu, upumzike." Ushauri wa kivivu huo.

Nikafungua sehemu ya usalama wa kifaa, nikatazama orodha ya draiva zisizopatana. Ilikuwa faili ya .sys ya printa ya zamani, niliyokwisha kuiuza, na jina lake la kusajiliwa: oem12.inf. Yako itakuwa na namba nyingine, basi usinakili yangu.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kuifuta printa kwenye mipangilio hakuondoi draiva. Kifurushi chake hubaki kwenye ghala la Windows. Nikaandika printui /s /t2, amri inayofungua orodha ya draiva za printa, nikachagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi. Ikagoma, ati inatumika. Nikaizima na kuiwasha upya huduma ya Print Spooler, inayopanga foleni ya kazi za kuchapisha, ikakubali. Ile faili ya .sys ilikuwa bado, kwa hivyo nikafungua dirisha la amri kama msimamizi:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Nikauwasha ulinzi, nikaanzisha kompyuta upya. Onyo limetoweka. Printa mpya inatumia draiva ya IPP (itifaki ya kuchapisha kupitia mtandao) iliyomo ndani ya Windows, haikuhitaji kupakuliwa chochote.