Stripu ya mkojo na zile dakika 2

Nilipokuwa intani nilikuwa naona kupima mkojo kwa stripu, kile kijiti chenye viboksi vinavyobadilika rangi, ni kazi ya kitoto, unachovya, unaangalia rangi, unaandika, kwisha. Siku moja nimechovya yangu nikaitwa kwa mgonjwa mwingine, narudi kama dakika 10 baadaye nakuta kiboksi cha chembe nyeupe za damu, zile zinazoashiria maambukizi, kimeshaiva zambarau, nikashika kalamu niandike antibiotiki. Sista mmoja wa siku nyingi akaniuliza tu, "Daktari, hii umeichovya saa ngapi?" Nikabaki natoa macho. Tukachovya nyingine, safari hii na saa mkononi, na chembe nyeupe hazikuwepo.

Kumbe kila kiboksi kina muda wake. Kwenye stripu nyingi sukari ni sekunde 30, ketoni (mabaki ya mafuta yaliyochomwa mwilini) 40, damu, protini na nitraiti (kemikali inayotengenezwa na bakteria) 60, chembe nyeupe ndo zinasubiriwa mpaka dakika 2, na rangi inayokuja baada ya hapo haina maana, achana nayo. Soma muda kwenye kichupa chako maana kampuni hazifanani.

Mengine ni madogo ila yanaharibu. Mkojo uwe wa katikati, si ule wa mwanzo wala wa mwisho, na upimwe ndani ya saa 1 au 2, ukikaa sana bakteria wanazaliana humohumo kwenye kikopo. Chovya mara moja utoe, futia ukingo wa stripu kwenye mdomo wa kikopo halafu ilaze, ukiisimamisha maji ya kiboksi cha protini yana asidi yanatiririkia cha pH (kipimo cha uasidi) na hapo unasoma uongo. Na jamani kifuniko! Kichupa kikiachwa wazi unyevu unaingia na nitraiti inaweza kusoma ipo wakati haipo.

Nitraiti yenyewe ndo inayopotosha watu. Ikiwepo, na mgonjwa analalamika mkojo unamuunguza, naiamini sana. Isipokuwepo siwezi kusema hana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kwa sababu bakteria wanahitaji kama saa 4 kwenye kibofu kubadilisha nitreti kuwa nitraiti na mtu mwenye UTI si anakojoa kila baada ya nusu saa, hizo saa 4 atazitoa wapi? Halafu kuna bakteria kama enterokokasi ambao hawaibadilishi kabisa. Kwa hiyo mkojo wa kwanza wa asubuhi ndo mzuri zaidi.

Damu nayo, muulize mwanamke kama yuko kwenye siku zake kabla hujamtisha na habari za figo. Ikisoma damu nyingi ila kwenye hadubini huoni chembe nyekundu, fikiria misuli iliyoumia, kiboksi hakitofautishi mayoglobini ya misuli na hemoglobini ya damu. Na anayebugia vitamini C nyingi anaweza kukuficha damu na sukari zote mbili. Sukari kwenye mkojo si lazima kisukari kimepanda pia, dawa za kisukari za kundi la dapagliflozin kazi yake ndo hiyo kuitoa kwa mkojo, angalia dawa zake kwanza.

Wazee na wenye katheta (mrija wa mkojo) siku hizi siwachovyei stripu kutafuta UTI kama hawana dalili, wengi wana bakteria wasiowadhuru na stripu itasema ndio tu. Na nikiletewa stripu iliyokwishalowa nauliza saa, nikijibiwa "si sasa hivi tu" naitupa naomba kikopo.